"Usiende Kitale, Mama Ekal"

Akeno alirudi kutoka sokoni Lodwar akamkuta mwanamume asiyemjua ndani ya chumba chake cha kulala. Anapima dirisha kwa kamba.

"Wewe ni nani?"

Yule mtu wala hakushtuka. "Naitwa Mutua, wa ofisi ya maji. Napima pazia. Mureithi ameniambia mnahama mwisho wa mwezi."

Akeno akatua kikapu chake mlangoni.

Jamani, hebu fikiria... Nyumba ya mawe, umebeba maji ya zege kichwani kutoka mtoni, halafu mgeni anakuja kuichagulia pazia.

Ilikuwa miaka ya sabini, ukame umeikaba Turkana. Akeno na mumewe Ebei walikuwa wamejenga kwa mkopo wa kampuni moja ya Kitale, na nyumba yenyewe ndiyo iliyowekwa rehani. Akeno aliuza samaki wakavu, lakini mifugo ilipokufa, wanunuzi wakakauka. Ebei, karani, akahamishiwa Kakuma. Mshahara ukawa wa kulisha nyumba mbili. Malipo yakaanza kuchelewa.

Wakala wa kampuni hiyo pale Lodwar alikuwa Mureithi. Mtu mpole, kanisani anakaa mstari wa mbele.

Akeno akamfuata dukani kwake.

"Ejok, Mama Ekal," akamsalimia kwa Kiturkana.

"Umeuza nyumba yangu?"

"Nawaokoa. Mzee wako anaandikisha nyumba kwa jina langu, mimi namalizana na kampuni. Mkipata nguvu mtainunua tena."

"Nitaenda Kitale niwaombe wenyewe."

Mureithi akashusha sauti. "Usiende Kitale, Mama Ekal. Mwenye deni akijipeleka kule, anafungwa. Na ile barabara ya Kainuk unaijua... watu wanapotea."

Alisema hivyo akitabasamu.

Alidandia lori la mahindi hadi Kakuma. Ebei alikuwa ameketi nje ya chumba chake, amekonda. Hakuinuka kumpokea.

"Baba Ekal, umeshaweka sahihi?"

"Bado. Mureithi anakuja wiki hii."

"Mbona ulinificha?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeshindwa kuwatunza?"

Akeno alitaka kumtukana. Badala yake akaketi karibu naye.

"Usimfungulie Mureithi mpaka nirudi kutoka Kitale," akasema.

Pale Kainuk lori lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Waliwamulika abiria tochi machoni, mmoja mmoja. Akeno alimfikiria Mureithi na lile tabasamu. Je, amewatuma yeye?

Mmoja akapunga mkono. Lori likapita.

Kitale hakufungwa na mtu. Afisa wa mikopo, mama mmoja aitwaye Chelangat, alimpa kiti na chai.

"Njia ziko, dada. Tunaweza kurefusha miaka ya mkopo, malipo yapungue. Au mlipe riba tu mpaka mvua irudi. Mnaweza kupangisha vyumba, kodi itusaidie sote. Ikishindikana kabisa, uzeni wenyewe kabla ya mnada, kinachobaki ni chenu."

Akeno akaweka kikombe chini. "Mbona hatukuambiwa?"

"Tulimtuma Mureithi awaambie. Tangu ukame uanze."

Aliporudi Kakuma, alimkuta Mureithi ameketi mlangoni. Ebei amejifungia ndani, ametii.

"Chelangat anakusalimia," Akeno akasema.

Mureithi hakubisha. Mabega yalimshuka kama gunia lililotobolewa.

"Yangu pia iko rehani," akasema. "Nyumba ya familia yangu, huko Kitale. Kesho kutwa itapigwa mnada. Pesa za kumuuzia Mutua nyumba yenu zingeiokoa."

"Si wangekurefushia mkopo? Maneno hayo unatembea nayo mdomoni."

"Wakala naye aende kuomba? Wangenicheka ofisi nzima."

Akeno alikuja na hasira, sasa hakujua aiweke wapi.

Nyumba ya Mureithi iliuzwa kweli, wenzake ofisini wakitazama. Lodwar hakuonekana tena.

Akeno na Ebei walirefushiwa mkopo. Vyumba vya mbele wakawapangisha walimu, wao na watoto wakabanana chumba cha nyuma kwa miaka. Haikuwa raha. Lakini walilala kwao.

Ndugu yangu unayesoma, kama nyumba imekulemea, mwambie mwenzako usiku wa leo, kisha nendeni wenyewe kwa wenye mkopo. Na akitokea wa kukukataza kuuliza, jiulize anaogopa utasikia nini.