Mwewe Asiyetaka Kutua

Du.

Mlio mmoja tu, kama kidole kimegonga ngozi ya ngoma, kisha kimya. Klara alikuwa macho, mtoto kifuani, mtoto asiyenyonya wala kulala. Alijua mlio ulikotoka. Ulitoka bandani, kwenye bawa la Mwewe.

"Umesikia?" alimnong'oneza mumewe.

"Panya," alisema Thobias.

"Panya hagongi mara moja akatulia."

Thobias alivuta blanketi. Kulipokucha alikwenda bandani peke yake.

Mwewe ndilo jina watu wa Segese walilompa: eropleni isiyo na injini, iliyoundwa na Mjerumani mmoja mkulima wa pamba. Vita vilipoanza Mjerumani alichukuliwa, mali yake ikanadiwa, na Thobias, aliyekuwa seremala mgodini Geita, akamnunua Mwewe kwa bei ya mbuzi dume. Zamani hizo Mwewe aliruka kutoka mlimani na kutua mbugani kabla uji haujapoa. Thobias hakuridhika. Aliongeza urefu wa mkono mmoja kwa kila bawa. Alitoa gurudumu, akabakiza ubao wa kutelezea. Aliziba kila upenyo kwa utepe wa amerikani, akapaka vanishi mpaka kitambaa kikakaza, akapiga msasa mpaka inzi ateleze.

Asubuhi hiyo, mwezi wa tisa mwaka 1953, alikuta kitambaa cha bawa la kushoto kimevimba mahali padogo. Vilikuwa vidoti vitano, vimesukumwa kutoka ndani, vimepangika kama ncha za vidole. Banda lilinuka vumbi lililoguswa na mvua, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi minne. Ndani ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine: samli. Mdogo wake alikuwa akijipaka samli.

Thobias alikaa chini.

Mbuga ya Segese wakati wa kiangazi hutembelewa na chamchela, zile nguzo za vumbi zinazozunguka na kutembea. Kila mtu aliyezaliwa pale anajua kwamba ndani yake mna mwenyewe, pepo asiyeonekana. Inapopita, watu huitana kwa miluzi, au "we!", kamwe si kwa jina. Jina likitajwa mbele yake, mwenyewe hulichukua, na mwenye jina hufuata. Lakini kwa ndege asiye na injini, chamchela ni ngazi. Hewa ya moto hupanda, na bawa refu hupanda nayo.

Miaka minne nyuma mdogo wake ndiye aliyekaa kwenye kiti cha Mwewe, kwa sababu alikuwa mwepesi. Mwewe alipokaribia chamchela kubwa, Thobias aliyekuwa chini aliingiwa na hofu, akasahau, akapaza sauti. Alimwita kwa jina. Mwewe alizunguka mara tatu akatua mwenyewe, taratibu, kitini hamna mtu, mkanda bado umefungwa.

Nyumbani alisema, "Tumegombana. Amekwenda kwenye migodi ya Lupa. Asitajwe hapa mpaka arudi."

Hakutajwa. Mama yao, Zipora, kila jioni alimwekea ugali chini ya kawa. Thobias aliendelea kurefusha mabawa, akiamini kwamba aliko mdogo wake ni juu tu.

Kisha mtoto akazaliwa, na Thobias akagoma kumpa jina. Padri aliahirisha ubatizo mara mbili. Kisimani wanawake walimcheka Klara: "Shikamoo Mama Nani!" Alicheka nao, akirudi njiani akalia. Alipotimiza miezi miwili mtoto akaacha kunyonya.

Siku ile ya vidoti vitano Klara alisema, "Leo tunakwenda kwa Mageni. Ukikataa nakwenda na mama."

Mageni, nfumu wa kijiji, mganga wa kike, alipasua kuku, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Analilia jina," alisema. "Kuna mtu wenu amekufa, hana kaburi. Anataka aitwe ndani ya mtoto huyu."

Zipora alisimama. "Wanangu ni wawili, na wote wako hai! Mmoja yuko Lupa. Nimtaje kwa mtoto ili nimzike?"

"Mayu, tafadhali," Klara alimsihi mama mkwe wake. "Tazama mbavu zake."

"Sitamzika mwanangu kwa mdomo wangu!"

Alitoka, na Klara akamfuata na mtoto. Mageni akamshika Thobias mkono, akashusha sauti.

"Nani alimwita?"

"Sielewi, mama."

"Unaelewa. Nani alimwita mbele ya chamchela?"

Thobias aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Basi jina hilo lina mwenyewe sasa. Mtoto asipopewa, atakufa kwa njaa. Akipewa, litaitwa tena, na mwenyewe atakuja kuchukua kilicho chake. Kwanza lirudishwe."

"Nani wa kulirudisha?"

"Aliyelitoa." Mageni alianza kunyofoa manyoya ya kuku bila kuyatazama. "Kawaambie wenzako nyumbani."

"Mama yangu atakufa akijua."

"Kawaambie."

Hakuwaambia. Alisema tu, Jumapili, akivaa viatu, "Klara, msimpe mtoto jina lolote mpaka nishuke."

"Kwa nini?"

"Nikishuka nitakueleza."

Mlimani, Theonest na wachimbaji wenzake sita walikuwa wamekwisha kushika kamba ya mipira ya matairi ya lori, iliyosokotwa nene kama mkono.

"Fundi!" Theonest alipaza sauti. "Ukifika kwa Mtakatifu Petro mwambie mvua imechelewa!"

"Na umwulize kama huko kuna pombe," mwingine akadakia.

Walicheka, wakakimbia kuteremka mlima, kamba ikavutika, ikaachia, na Mwewe akaondoka, Thobias kitini.

Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Chini, mbuga nyeusi ilipasuka nyufa; mbele yake chamchela ilikuwa imesimama ikimngoja, nyekundu, haitembei. Thobias aliingia. Bawa liliinuka, akazunguka, akapanda, na kila mzunguko vibanda vya Segese vilizidi kuwa vidogo, mpaka ng'ombe wakawa sisimizi na watu wakawa nukta, na harufu ya samli ikajaa kitini kana kwamba mtu ameketi nyuma ya shingo yake.

"Nirudishie," alisema Thobias. "Nichukue mimi. Nimekuja na jina langu. Naitwa Thobias, mwana wa Zipora. Nichukue mimi."

Ndani ya bawa, du.

Kisha vumbi likamwachia. Aliiona chamchela ikijitenga naye, ikikata mbuga, ikivuka korongo, ikishika njia ya kisimani kama mtu anayejua aendako, na mwisho wa njia hiyo ulikuwa ua wa nyumba yake, na uani aliona vitu viwili vidogo, kanga ya Klara na kitambaa cheupe cha mama yake.

Alisukuma usukani ashuke. Mwewe hakushuka. Alisukuma tena kwa mikono miwili, kwa kifua, na pua ikainama kidogo ikainuka tena, kwa maana alikuwa amemfanya mwepesi mno, mrefu wa bawa mno, ameziba kila upenyo ambao hewa ingepita, ameondoa kila uzito ambao ungemrudisha duniani, na sasa Mwewe alielea juu ya Segese kama unyoya, mtulivu, mzuri kuliko siku zote, huku yeye akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia.

Kule chini mtoto alikuwa ameacha kulia. Klara alikuwa amepiga magoti, akimtikisa, akimwita "baba, baba", na midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na Zipora, ambaye kwa miaka minne alifunika ugali wa asiyekuja, alitazama kawa ukutani, akatazama mtoto, akaelewa kwamba mmoja wao, mwana au mjukuu, lazima azikwe leo, akachagua. Alimchukua mtoto. Alisimama katikati ya ua, mgongo wake ukiwa upande wa njia ya kisimani, ambako mabua ya ua yalikuwa yameanza kutikisika bila upepo. Alimwinua mjukuu wake juu, juani.

Na huko angani, katika ukimya wa ndege asiye na injini, Thobias alisikia sauti ya mama yake karibu kabisa, ndani ya bawa, ikilitaja jina la mdogo wake, laini kama ya mtu anayeamsha aliyelala:

"Januari."