Grenadini ya Maman Françoise

"Citoyenne, kikwembe yako inafagia matope ya soko."

Ndivyo Télesphore alivyomsemesha Adélaïde mara ya kwanza, Jumamosi ya mvua mwaka 1978, enzi za kuitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, katikati ya msongamano wa soko la Kadutu, mjini Bukavu. Adélaïde akageuka, akiinua pindo la kitenge chake. Aliona kijana mrefu ndani ya abakosti ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, amekumbatia kabichi mbili kama mapacha.

"Na wewe citoyen, bibi yako ndiye amekutuma kabichi?"

"Mama yangu. Bibi bado natafuta."

Adélaïde alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Ibanda. Télesphore alifanya kazi maabara, kule Lwiro. Tangu hapo, kila asubuhi saa nne simu ya ofisi ililia.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Wachia watu simu yao."

Baada ya miezi saba Télesphore alimpeleka kwa mama yake, Maman Françoise, mjane aliyeuza kasiksi, pombe ya ndizi, nyumbani kwake Kadutu. Siku hiyo mjane hakutaka kumpa mgeni pombe. Alinunua grenadini, ile sharubati nyekundu ya chupa, akaimimina kwenye glasi yake ya harusi. Adélaïde aliinywa yote kwa heshima. Kabla hajafika kwao, mwili ulijaa mabaka kama aliyepita kwenye siafu, na macho yalikuwa yamevimba hadi kufumba.

Bukavu, mtu akivimba baada ya kunywa kwa watu, hakuna anayeuliza jina la ugonjwa. Papa Anaclet, baba yake Adélaïde, alisema neno moja mbele ya majirani: "Sumu." Haikupita wiki, hakuna tena aliyekunywa kwa Maman Françoise.

Simu ililia.

"Adélaïde, na wewe unaamini?"

"Sijui," alisema Adélaïde. Kwa kweli aliogopa, na alionea haya woga wake.

"Basi," alisema Télesphore. "Siwezi kuoa kwenye wanamwita mama yangu mulozi."

Miezi miwili simu haikulia kwa ajili yake. Kisha Jeanine, mwenzake wa ofisini, alileta bonboni nyekundu, peremende za ubatizo wa mtoto wake. Adélaïde alimung'unya tatu, na mabaka yakarudi. Safari hii alikwenda dispensari, na masista wa huko walimuuliza alichokula na kunywa siku ile ya kwanza na siku hii.

"Si sumu, mutoto," alisema sista mzee. "Ni rangi wanatiaka ndani. Kuko watu ngozi yao haiiwezi. Usiiguse tena."

Papa Anaclet alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Masista wanasemaka mingi."

Jumapili, baada ya misa, Adélaïde aliweka mezani chupa ya grenadini.

"Papa, ifungue wewe mwenyewe."

Akaifungua. Adélaïde akanywa mafunda mawili, akaketi, mikono mapajani. Haukupita muda mrefu, mabaka yakapanda shingoni mpaka mashavuni.

"Ni wewe ulifungua, Papa. Ulitia sumu?"

Mzee aliitazama ile chupa. Kisha akachukua kofia yake.

Walipanda Kadutu kwa miguu. Adélaïde alikataa kufunika uso; majirani wote waliuona. Télesphore aliwafungulia mlango, akamtazama Adélaïde, akampa kiti.

"Maman," alisema Papa Anaclet, kofia mkononi, "nilichafua jina lako. Nimekuja kukunywa kwako."

"Sina kitu ya kukupa, papa. Byombo yote nilishapindua."

Adélaïde aliinuka bila kutumwa, akaenda jikoni, akageuza kikombe kilichopinduliwa, akakisuuza, akateka maji mtungini. Akaja akakiweka katika mikono ya Maman Françoise.

Mjane aliutazama sana ule uso uliovimba. Mwishowe alimnyooshea Papa Anaclet kikombe. Mzee alikinywa akiwa amesimama mlangoni, mahali majirani wangemwona, hadi tone la mwisho.

"Inakuuma?" Télesphore aliuliza kwa sauti ndogo.

"Inawasha tu."

"Usijikune," alisema Maman Françoise. "Mimi sitasahau ile neno, papa. Mutu hasahauke neno kama ile." Akamshika Adélaïde mkono, akamketisha karibu naye. "Lakini kesho kuko ndizi za kukamua, na mikono yangu haitoshi. Utakuja mapema."

"Nitakuja, Mama."

Télesphore aligeukia ukutani, akajifuta macho kwa mkono wa abakosti.