Aliyekaa Kiti cha Kulia

Jumanne moja ya mwaka wa 2009, saa sita mchana, nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu Kitengela nikichambua maharagwe. Binti yangu Nelima akaingiza pikapu uani. Alikuwa ametoka Namanga na magunia ya vitunguu. Akashuka, akanisalimia, akaomba maji. Nikainuka kuvikagua vitunguu, maana Nelima hununua kwa macho na hanusi, ndipo nikaona mkanda wa kiti cha abiria umefungwa. Kiti chenyewe kilikuwa tupu.

"Huo mkanda umemfungia nani?"

"Nisipoufunga taa inawaka, Mama. Inalia ting, ting, ting, hadi nifike."

"Taa inajuaje kama kuna mtu?"

"Kiti kinapima uzito. Mtu akikaa bila mkanda, inawaka. Kiti kikiwa tupu, inanyamaza."

"Na kulikuwa na mtu?"

Alikunywa maji yote kwanza. "Hapana."

Nilimwambia apeleke gari kwa fundi aache upuzi, nikarudi kwa maharagwe yangu. Lakini ule mkanda haukuwa umelala kwenye kiti. Ulikuwa umesimama kidogo hewani, kama umepita juu ya kifua cha mtu.

Hii pikapu si kama hizo mnazozijua. Mume wangu Wanjala alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuwa akihesabu nyumbu kwenye uwanda wetu huku. Mzungu aliileta kutoka kwao, usukani upande wa kushoto, na aliporudi kwao akamwachia Wanjala. Kwa hivyo dereva hukaa kushoto, na abiria hukaa kulia, pale ambapo magari yetu huweka dereva.

Ndani iko na vitu viwili vya kuivuta: injini ya petroli ya silinda nane, na mota ya umeme yenye betri yake kubwa chini ya kiti cha nyuma. Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini Wanjala alinieleza hiyo gari mezani mara nyingi hata ningeifungua kwa mwiko. Ukienda polepole mjini, petroli inanyamaza na umeme unavuta. Kuku hawaisikii ikija. Wawili wa jirani tuliwakanyaga hivyo. Ukipita hamsini, injini inaamka. Ukiwa kwa lami, themanini au tisini, barabara tambarare, silinda nne hufanya kazi na nne hulala, na sauti inashuka, kama mzee anayeguna akitafuta miwani yake. Ukipata mlima, zote nane zinaamka.

"Lakini kwa themanini hainyamazi kabisa," Wanjala alikuwa akimwambia Nelima alipomfundisha kuendesha. "Umeme peke yake hauwezi kuibeba kwa mwendo huo. Ikinyamaza, itapunguza mwendo yenyewe. Wewe toka barabarani."

Februari ya mwaka huo Wanjala alifia Kajiado, kifua. Tulimbeba kwenda Bungoma kwa pikapu hiyo hiyo, Nelima akiendesha. Sasa kwetu maiti haibebwi kama gunia la simiti. Mtu mmoja hukaa mbele akimwambia njia: tumetoka mochari, hapa tunakata kona, hili ni daraja, tunavuka, twende. Kazi hiyo ilikuwa yangu, mke. Nikakaa kiti cha kulia. Shemeji yangu Simiyu akakaa nyuma na jeneza.

Langoni mwa mochari alikuwa amesimama mwanamke wa Kimaasai, shuka nyekundu, shanga hadi mabegani. Analia. Hakikuwa kilio cha jirani. Nikauliza ni nani. Watu wote wakaangalia viatu vyao, nikajua. Naisenya. Miaka tisa, wakati mimi nadhani mume wangu analala uwandani na nyumbu.

Simiyu akagonga kioo. "Shemeji, mwambie tunaondoka."

Nilisema maneno yangu. Niliyasema kwa sauti, na Naisenya aliyasikia. Baada ya hapo sikufungua mdomo tena hadi Bungoma. Kona zote, madaraja yote. Simiyu alidhani naongea moyoni. Tukamzika, tukarudi, na pikapu ikawa ya Nelima.

Haya. Jioni ya ile Jumanne nilimbana Nelima hadi akasema. Kati ya Isinya na Kajiado, kwa themanini, injini ilikuwa ikinyamaza. Zote nane. Na gari halipunguzi mwendo. Linaongeza. Mara ya kwanza ilikuwa kama kufumba na kufumbua. Wiki iliyofuata, urefu wa kilomita. Sasa ilikuwa inamshika kutoka Isinya hadi karibu na Kajiado, na breki inakuwa ngumu kama jiwe.

"Na juzi kwa kizuizi," akasema, "askari alikuja upande wa kulia kama wote wanavyofanya, akidhani dereva yuko huko. Akainama dirishani. Akasalimia. Kwa heshima, Mama, hadi kofia akatoa. Kisha akaniona mimi huku kushoto akashtuka, akatuambia tupite."

"Alisema nini?"

"Alisalimia tu."

"Ni baba yako huyo. Usiende tena."

"Nisipoenda Dolphine atakula nini? Maharagwe yako?"

Dolphine ni mtoto wake, alikuwa na miaka minne, amelala hapo kwa mapaja yangu mdomo wazi.

Tulimwita Githongo, fundi hodari, huyo ambaye magari yakimwona yanajitengeneza. Akachomeka kompyuta yake, akasema kila kitu kiko sawa, akaomba waende naye barabarani asikie mwenyewe. Akakaa nyuma karibu na betri. Nelima alirudi peke yake. Githongo alishuka Kajiado akapanda gari lingine, na sanduku lake la spana akaliacha kwa kiti. Nikampelekea mwenyewe.

"Mama Nelima, mimi hutengeneza injini," akaniambia, mikono ndani ya ovaroli. "Hiyo injini haina shida."

"Shida iko wapi?"

"Uliza aliyekaa mbele."

Ijumaa, mchana kweupe, nikamwacha Dolphine kwa jirani nikaingia kiti cha nyuma. Nelima alitaka nikae mbele. Nilikataa, kama Wanjala alikuwa hapo, sikutaka kumkalia. Tulipotoka Kitengela mkanda wa kulia ulikuwa umelegea ukutani mwa gari, na hakuna taa. Tulipita punda wa maji, tukapita lori za kokoto za wale waliokuwa wakijenga barabara. Injini iliguna vizuri, nne zikifanya kazi, nne zimelala. Nikaanza kufikiri binti yangu amechoka tu na anahitaji kula nyama.

Tukapita Isinya. Mshale ukafika themanini.

Taa ikawaka. Ting. Ting. Ting.

Nelima hakuniangalia. Akanyoosha mkono, akavuta mkanda wa kulia, akaufunga. Taa ikazima.

Kisha injini ikanyamaza.

Sijui niwaeleze vipi. Upepo tu. Matairi tu. Themanini na tano. Tisini. Nelima aliinua miguu yote miwili nione. Mia moja.

"Breki," nikasema.

"Nimejaribu."

Mbele yetu kulikuwa na lori la ng'ombe. Dogo, mbali. Halafu si mbali.

"Wanjala," nikasema, "mwache mtoto. Mkora wewe. Miaka tisa unanidanganya, na sasa unataka kuniulia binti?"

Mia moja na kumi. Kila tusi nililotoa, mshale ulipanda. Nelima aliliona hilo kabla yangu.

"Mama, nyamaza! Unaiongeza!" Machozi yalikuwa yanamtoka na mikono imekauka kwa usukani. "Ulimwambia nini Baba pale mochari? Ulimwambia nini?"

Ng'ombe sasa nilikuwa naona macho yao.

"Nilimwambia abaki," nikasema. "Nilimwambia, kama unapenda Kajiado, baki na malaya wako, hii safari tutaenda mimi na hasira yangu."

Nelima akatoa sauti ndogo.

"Nilikosea," nikasema. Hilo neno sijalisema mara nyingi maishani, na lilitoka kama jino. "Umesikia? Nilikosea. Wewe uliyekaa hapo mbele, tunakupeleka kwa Naisenya. Shuka kwa Naisenya. Nimekubali."

Mshale ukaanza kuteremka. Mia. Tisini. Mkia wa lori ulikuwa mbele ya kioo, nikaweza kusoma namba yake. Sabini. Lori likatuacha. Lakini injini haikuamka. Tuliingia Kajiado kimya kimya, Nelima ameshika usukani bila kuukata, na gari likajikata lenyewe, kushoto, kisha kulia, kwa njia ya vumbi ambayo hatujawahi kuipita sisi wawili. Likasimama langoni mwa nyumba ya mabati.

Mkanda wa kulia ukajifungua. Klak. Ukarudi ukutani polepole, kama unavyourudisha ukiwa na adabu.

Mlango wa kulia ukafunguka.

Injini ikawaka.

Naisenya alikuwa amesimama langoni. Nilishuka nikiwa nimejiandaa, lakini maneno yangu yalikuwa yameisha barabarani.

"Takwenya, yeyo," akanisalimia kwa Kimaasai, akiniita mama.

"Iko," nikamjibu. Kisha nikasema, "Tumekuletea mtu wako. Mchukue Wanjala, mimi nimemaliza."

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyepotea sokoni.

"Wanjala hakuwa kwa hiyo gari. Siku ile ulimwambia abaki. Mimi nilikuwa hapo, nilisikia. Akabaki. Jioni hukaa pale mlangoni, nasikia tumbaku yake."

"Sasa huyu aliyeshuka ni nani?"

Naisenya alikuwa anaangalia nyuma ya bega langu, kwa ule mlango wa gari uliokuwa wazi. Akasogea kando, akainamisha kichwa, kama unavyompisha mwanamke aliyekuzidi umri.

"Pita, yeyo," akasema.

Hakuwa akiniambia mimi.

Tulipofika Isinya tukirudi, Nelima akasema, "Yule askari, Mama. Alisema, 'Shikamoo, shosho,' kama anayemwamkia bibi kizee. Sikutaka kukuambia."

Hayo yalikuwa mwaka ule. Pikapu haijasumbua tena. Kwa themanini inaguna vizuri, nne zikifanya kazi, nne zimelala, na Nelima analeta vitunguu vyake, na Dolphine ameanza shule. Naisenya hutuma salamu kwa akina mama wanaouza shanga Namanga. Mwezi uliopita alituma hivi: "Mwambie Mama Nelima aje amchukue mtu wake. Anagombana na mzee kutoka asubuhi hadi jua lizame, jambo ni hiyo hiyo miaka tisa, na sukari yangu anaimaliza."

Nilicheka. Halafu nikakaa chini nikajaribu. Nikamfikiria Wanjala, nikayafikiria makosa yake moja moja, langoni, machozi ya yule mwanamke, kila kitu. Nilingoja hasira ipande. Hakuna kilichopanda. Mimi, ambaye nimewahi kumkasirikia mtu aliyekufa kabla sijazaliwa.

Jumapili iliyopita Nelima alinipeleka kanisani. Nilikaa kiti cha kulia. Nikavuta mkanda kidogo tu, ukanitosha sawasawa, kama umekatwa kwa kipimo changu; Wanjala alikuwa na tumbo, asingeenea hapo. Nikauachilia urudi. Nilitaka kusikia ile taa ikilia.

Tulitoka lango, tukaingia lami. Nikakaa hapo bila mkanda, na uzito wangu wote, mikono juu ya mapaja.

Taa haikuwaka.

Nelima aliiangalia dashibodi, akaniangalia mimi, akarudisha macho barabarani. Hadi leo, nikikaa hapo, hainihesabu.