Usukani Uliotolewa Msalabani

Alhamisi ile Onofre Archuleta aliamka vizuri, akanywa kahawa yake, akala mayai yenye pilipili ya kijani, kisha akaingia gereji kumalizia gari la mwanawe. Ilikuwa Septemba, na kijiji kizima cha Truchas, huku juu milimani, kilinukia pilipili zinazochomwa. Mzee hakuwa na wasiwasi wowote duniani isipokuwa mmoja, nao ulikuwa usukani.

Gari lenyewe lilikuwa Impala ya mwaka 1963, nyekundu ya kuiva, lililoshushwa hadi likawa linakaribia kulamba lami. Miaka kumi na moja alikuwa akilifufua. Orlinda, mtoto wake wa pekee, aliapa tangu yuko darasa la tatu kwamba siku ya harusi yake haendeshwi na mtu. Ataendesha mwenyewe na gauni lake, baba kando yake. Harusi ilikuwa Jumamosi, kanisani Chimayó, bondeni. Na ule usukani mweupe wa asili ulikuwa umepasuka mahali patano. Onofre alikuwa ametafuta mwingine miaka mitatu, kila gereji na kila jalala la magari mpaka Albuquerque, akaambulia patupu.

Mmoja tu ndio aliokuwa anaujua. Ulikuwa kwenye kona ya tatu ya mteremko wa kwenda Chimayó, umefungwa kwa waya kwenye msalaba wa Cosme Tafoya.

Kwetu mtu akifia barabarani tunamwekea msalaba palepale roho ilipomtokea, na hakuna anayeugusa. Hata watu wa tingatinga wakija kupanua barabara huuzunguka. Cosme na Onofre walikuwa na magari mapacha ujanani, na walikuwa wakiitana compadre kwa sababu Cosme ndiye aliyekuwa awe baba wa ubatizo wa Orlinda. Hakuwahi kufika. Asubuhi ya ubatizo, miaka ishirini na saba iliyopita, gari lake liliruka kona ya tatu, na walimkuta chini kwenye mawe akiwa bado ameukumbatia usukani. Watu walisema alikuwa amelewa. Mama yake, Mama Eulogia, aliuchukua ule usukani akautundika msalabani.

Onofre alisimama mbele ya msalaba saa sita mchana, kofia mkononi, koleo la kukatia waya mfukoni.

"Compadre," alinong'ona, "niazime mpaka Jumapili tu. Ni kwa ajili ya mtoto wako wa ubatizo."

Akakata waya. Njia nzima ya kurudi alijiambia kwamba hilo si wizi, maana compadre ni zaidi ya ndugu. Jambo ambalo hakujiuliza ni moja. Usukani wake yeye, uliolala gerejini kivulini, ulikuwa umepasukapasuka. Huu uliopigwa jua na theluji miaka ishirini na saba haukuwa na hata ufa mmoja.

Alasiri aliufunga. Aliyanyoosha matairi, akaupachika juu ya meno ya mhimili, akaizungusha nati kwa vidole, kisha akaikaza kwa spana mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. Halafu akachukua patasi akapiga alama, mstari mmoja uliopita juu ya nati na mhimili, ili nati ikisogea hata unywele ajue. Mafundi wengine humcheka kwa tabia hiyo. Hawajui ilianza lini.

Akaenda kunawa. Aliporudi akaushika usukani, ukacheza.

Akafungua kifuniko cha honi. Nati ilikuwa imelegea, inazunguka kwa kidole kimoja. Onofre akacheka kidogo, akalaumu uzee, akachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana na kuikaza upya kwa uzito wa mwili wake wote. Akatoka kwenda kuvuta sigara moja. Akarudi. Imelegea tena.

Mara ya tatu hakutoka. Aliikaza, akalinganisha mstari wake wa patasi, akafunga mlango wa gereji na kukaa kitini, macho kwenye nati. Jua lilikuwa likiingia dirishani vizuri kabisa. Hakukuwa na upepo. Hakukuwa na mtu. Mstari ulikuwa mmoja.

Ukawa miwili.

Aliuona ukiachana, polepole, kama mtu anavyofungua kifuniko cha chupa. Akanyakua pula, kile chombo cha kuvutia usukani, akaufunga na kuuvuta. Haukutoka. Akavuta mpaka bolti ya pula ikapinda. Nati haikaziki, usukani haung'oki. Hapo Onofre akakaa sakafuni, akashika kichwa, kwa sababu alijua anachoambiwa.

Asubuhi ile ya ubatizo, yeye ndiye aliyemfungia Cosme usukani mpya. Walikuwa wamechelewa. Nati aliizungusha kwa vidole, mkewe akamwita njoo ufunge tai, akaacha spana juu ya boneti akisema atarudi. Hakurudi. Cosme akaona usukani umekaa, akawasha gari. Wakati watu wanasema Cosme alikuwa amelewa, Onofre alikuwa amesimama palepale kaburini, na hakufungua mdomo. Miaka ishirini na saba hakuufungua.

Ijumaa ilipita vibaya. Orlinda alikuja kulitazama gari lake, akapapasa usukani, machozi yakamlengalenga.

"Baba! Umeupata wapi?"

"Mwanangu, kesho twende na pikapu ya mjomba."

"Pikapu? Na hili gauni? Baba, usinitanie."

"Sikutanii, mama. Gari bado halijakaa sawa."

"Umeniahidi tangu nina meno ya utoto," alisema, na akambusu shavuni. "Ukiogopa, panda nyuma."

Onofre aliuficha ufunguo ndani ya kiatu chake cha buti. Usiku alisikia kwa mbali, kutoka gerejini, mlio wa chuma kikizunguka juu ya chuma. Hakwenda kutazama.

Jumamosi asubuhi alivaa suti, akachukua ile pikapu ya mjomba na kwenda kwa Mama Eulogia. Nyumba yake iko juu kidogo ya kona ya tatu, dirisha linatazama barabara. Bibi alikuwa mezani, amevaa nguo za harusi, vikombe viwili vya kahawa mbele yake. Kimoja kilikuwa cha mgeni, na kilikuwa bado kinafuka moshi.

"Jana nimekuta msalaba mtupu," alisema kwa sauti ya chini. "Sijauliza mtu. Nimekusubiri wewe."

"Mama, nimeuazima. Nitaurudisha kesho, naapa."

"Sema lingine."

"Lingine lipi, Mama?"

"Hilo ambalo hujalisema."

Alikuwa amejiandaa kulisema. Kila neno alikuwa amelipanga njiani. Sasa yakamkimbia, na mwoga yule wa zamani akarudi, akaanza kuuliza habari za mgongo wa bibi na kama mvua itanyesha.

Ndipo akasikia honi.

Akageuka dirishani. Impala nyekundu ilikuwa inashuka barabarani. Shela jeupe linapepea. Orlinda ameushika usukani kwa mikono miwili, glavu nyeupe, anacheka peke yake. Alikuwa na ufunguo wa akiba. Alikuwa nao siku zote. Baba yake hakuwa kando yake.

"Sikuikaza!" Onofre alipiga kelele. "Mama, sikuikaza nati! Cosme hakuwa amelewa. Ni mimi!"

Mama Eulogia hakushtuka. Alisimama, akaufungua mlango wa nje.

"Mimi unaniambia nini?" alinong'ona. "Mwambie yeye."

Onofre akatoka mbio mpaka ukingoni. Gari lilikuwa limefika kona ya kwanza. "Cosme! Ni mimi niliyekuua!" Kona ya pili. Nyuma ya gari ikayumba. "Nikawaacha wakakuita mlevi! Nichukue mimi, compadre! Mwache mtoto!"

Kona ya tatu. Gari likapotea nyuma ya mwamba.

Alingoja mlio wa breki. Alingoja kishindo. Hakusikia kitu, hata ndege. Pikapu aliiendesha kushuka mteremko ule bila kujua miguu yake iko wapi, na kwenye kona ya tatu hakuthubutu kutazama chini.

Impala ilikuwa imeegeshwa mbele ya kanisa, imenyooka vizuri, injini imezimwa. Orlinda alikuwa bado ameketi ndani. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Baba," alinong'ona, "usukani ulianza kucheza kwenye ile kona. Haukushika kabisa. Halafu mikono ikaja juu ya mikono yangu."

"Mikono ya nani, mama?"

"Sijui. Ilikuwa nyuma yangu. Sikugeuka."

Onofre akapitisha mkono dirishani, akaugusa usukani. Ulitoka papo hapo, ukabaki mkononi mwake. Kwenye mhimili hapakuwa na nati. Hapakuwa na nati hata sakafuni, wala chini ya kiti, wala katika zile maili nane alizozipita kwa miguu siku tatu zilizofuata akitafuta.

Kabla ya kiapo cha bibi harusi, alisimama mbele ya kanisa zima akasema Cosme Tafoya hakuwa amelewa, na akasema kwa nini. Watu wengine hawajamsalimia mpaka leo. Mama Eulogia alimsikiliza mpaka mwisho, hakusema amemsamehe, na hajasema. Alichofanya ni kwenda kwa Orlinda na kumwomba glavu.

Juu ya kila glavu kulikuwa na alama nyeusi za grisi, vidole vipana vya mwanamume aliyeshika kwa nguvu. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vyote. Wa kushoto ulikuwa na vitatu na kidole gumba. Bibi akaweka kiganja chake juu ya pale palipokosekana kidole.

"Cosme alikiachia kwenye msumeno wa mbao," alisema, "akiwa na miaka kumi na tisa."

Usukani ulirudi msalabani jioni ileile, kwa waya mpya. Zile glavu Orlinda amezifungia kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Huwa hazitoi. Mwaka jana alijifungua mtoto wa kiume, na siku ya ubatizo wa mtoto akalifungua kopo apate kumwonyesha mumewe. Grisi ilikuwa bado mbichi, na ilikuwa ya moto.