Koti la Nyasani

Saa moja asubuhi, mwaka 1973, Nyasani alikutwa amelala chali kwenye mpaka wa shamba lake la chai, Marani. Paji la uso lilikuwa limepasuka. Hasemi wala hafumbui macho. Kando yake lilikuwa jembe la jirani yake Ongeri, lenye damu mpinini. Koti la Nyasani la kanisani lilining'inia kwenye mti wa mpaka, safi kabisa.

Adhuhuri ilimkuta Ongeri selini. Nyasani akifa, kitanzi kinamngoja. Asipokufa, kamati ya mipaka, iliyokuwa iamue ugomvi wao wa ardhi, ingekaa wiki ile bila Ongeri, na chai yake ingehama ua iwe ya Nyasani.

Inspekta Ouma, Mjaluo wa ziwani aliyezoea milima ya Kisii hadi akasahau ladha ya samaki, alianza na Obwocha, mdogo wake Nyasani, maana hao wawili waligombana sokoni. Lakini Obwocha alikesha matangani Ogembo, na nusu ya kanisa ilimwona. Akabaki Ongeri, aliyeapa kwamba jembe aliliacha uani. Ouma alimwamini, tena kwa moyo wote, kwa sababu ya lile koti. Mtu anayevamiwa hapati nafasi ya kutundika nguo.

Bahati nzuri Daktari Akong'o alikuwa hospitalini na mashine yake ya kupima umeme wa ubongo, ndogo kama sanduku la safari, aliyozunguka nayo vijijini kuwapima wenye kifafa. Alimbandika Nyasani nyaya kichwani, na kalamu zikaanza kuchora mawimbi kwenye karatasi.

"Haya ni ya mtu aliye macho, amefumba tu," alisema. "Lakini siwezi kuapa mahakamani. Wako waliozimia kweli wanaochora hivi hivi. Nitafutie neno litakalomgusa."

Walimpigia makofi sikioni. Kalamu zilitikisika, zikatulia. Daktari alisema kelele humshtua hata aliyelala.

Ouma akamtazama Nyasani: kifua wazi, shuka kiunoni. Wakisii wana heshima yao ya wakwe, chinsoni, na Wajaluo nao wanayo ya kwao. Mwanamume hawi kifua wazi mbele ya mama mkwe. Akamgeukia muuguzi, akasema polepole:

"Mama mkwe wake amefika. Mwambie apite."

Kalamu ziliruka karibu zitoke kwenye karatasi. Mkono wa Nyasani nao ukaruka, ukavuta shuka hadi kidevuni.

Njia ya mwongo ni fupi. Alikiri yote: alijigonga kwenye nguzo ya ua, jembe aliliiba akalipaka damu yake, alitaka kamati imkose Ongeri. Koti alilivua lisiingie matope.

"Mama yuko wapi?" aliuliza, macho mlangoni.

"Yuko kwake Kenyenya, hana habari. Anayetoka selini sasa hivi ni Ongeri."

Nyasani aliona haya kweli kweli.

"Basi nipe koti langu nijifunike, Inspekta."

"Koti haliwezekani," Ouma akamjibu. "Hilo ni shahidi wangu."