Msokoto wa Mwisho wa Tharsisi

Tharsisi alianguka Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Julai 1976, akiwa na jiwe la msingi wa shule begani na msokoto wa tumbaku mdomoni. Dakika kumi kabla alikuwa amekunywa uji wa mkewe. Kwa hiyo wanakijiji wa Heru Juu, wakiongozwa na balozi wao wa nyumba kumi, Stanislaus, waliukamata uji. Wa pili kukamatwa alikuwa Esteri, aliyeupika.

Sajini Venanti alifika kutoka Kasulu mjini saa saba. Aliokota msokoto ulioungua nusu, akautia kwenye bahasha. Uji uliobaki ulikuwa umelambwa na mbwa, naye alikuwa ameketi akisubiri mwingine.

"Hiyo ni sumu ya watu tu," Stanislaus alieleza.

Alhamisi taarifa ya daktari aliyeuchunguza mwili ilifika kituoni. Sumu hakuna. Mshipa unaolisha moyo ulizibwa na damu iliyoganda. Tena moyoni mlikuwa na kovu: uliwahi kujeruhiwa miezi michache nyuma. Miaka sitini, presha, tumbaku tangu ujana. Kwa moyo kama huo, jiwe lilitosha.

Venanti alikwenda mahabusu.

"Mama, mumeo aliwahi kutibiwa?"

"Mwezi wa tano, Kibondo. Kifua kilimbana, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Baba yake alikufa hivyohivyo. Daktari alikuwa mtu wa Pwani, Kiswahili chake kinakimbia. Sisi tukaitikia tu, *ego, ego*. Akatupatia cheti, akasema tumpe balozi."

"Mkampa?"

"Siku tuliyorudi. Akakitazama muda mrefu kama padri. Akasema kimeandikwa mgonjwa anywe maji mengi."

Saa tano Venanti aliketi sebuleni kwa Stanislaus, chini ya cheti cha kuhitimu kisomo cha watu wazima, kilichotundikwa juu kuliko msalaba.

"Balozi, ulipokea cheti cha Tharsisi?"

"Sijakiona, afande. Yule mama mwongo."

"Haya. Una tumbaku?"

Stanislaus alifurahi mazungumzo yamegeuka. Alitoa rundo la karatasi mfukoni, akazipapasa, akachagua nyembamba, akachana kipande, akasokota, akampa. Venanti hakuwasha. Aliukunjua, akauweka kando ya ule wa kwenye bahasha, nao akaukunjua. Mhuri wa hospitali ukawa duara kamili.

"Soma."

"Macho yangu, afande…"

"Soma, balozi."

"Sijui kusoma."

Venanti akaviunganisha vipande na karatasi iliyobaki, akasoma yeye. "Moyo wa mgonjwa huyu umejeruhiwa. Asibebe mizigo. Asivute tumbaku."

"Msokoto ule nilimsokotea mimi," Stanislaus alinong'ona. "Nilimwona amechoka. Alikuwa rafiki yangu."

"Na hicho cha ukutani?"

"Mwalimu wa kisomo alinipitisha tu. Balozi afeli mbele ya watu wake? Wangenicheka mpaka kijiji cha Titye."

"Kwa nini ukasema sumu?"

"Tharsisi alipoanguka, Esteri alilia, 'Cheti! Cheti!' Nikapaza sauti juu ya yake, watu wasije wakauliza kiliandikwa nini."

Venanti alimfungulia shauri la taarifa za uongo. Kwa kifo chenyewe hakupata kifungu.

Saa kumi alimfungulia Esteri mlango, akamweleza yote, hata kwamba Jumatano wanakijiji waliichoma nyumba yake na kuifyeka migomba.

"Angepumzika, angeishi?"

"Labda, mama."

Esteri aliitazama barabara ya Heru Juu. Kisha akageuka, akarudi mahabusu kwa miguu yake, akavuta mlango.