Wino wa Ngisi

Kisu cha Nasma kilikosea kidogo tu, mfuko wa wino wa ngisi ukapasuka. Soko zima la samaki la Kivinje likageuka kutazama. Wino ulikuwa umetua kifuani pa kanzu nyeupe ya Ijumaa ya Ridhiwani, fundi cherehani, aliyekuja kununua kitoweo.

"Nisamehe, kaka yangu," Nasma alisema. Alijua matusi yanakuja.

Ridhiwani alilikodolea doa macho. Kisha akalichorea miguu miwili kwa kidole.

"Kunguru," akasema. "Umemwona?"

Kesho yake fundi alirudi na chupa tupu ya soda. Hakutaka ngisi, alitaka wino wa kuchorea, naye maishani hakuwahi kuchora hata kuku. Ikawa ndiyo kawaida yake, na jioni wakawa wanapigiana simu.

"Unanipenda mimi au wino wangu?"

"Wino umenichafua nguo tu. Wewe umenivuruga akili, mpenzi."

Nasma alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Alikuwa ameshapenda, hana ujanja.

Siku moja akamfuata kibandani bila taarifa, amejifukiza udi, amevaa kijora kipya cha njano. Juu ya cherehani ilitundikwa picha ya wino: bibi kizee amejitanda kanga, anacheka.

"Nani huyu?"

"Mke wangu," Ridhiwani alijibu, macho yakiwa kwenye sindano.

Mke, tena kikongwe. Nasma hakungoja neno la pili. Aliizuia namba yake njiani, akalia hadi nyumbani.

Wiki iliyofuata Ridhiwani alitokea sokoni na kanzu ileile ya kunguru, picha kwapani. Mwanaheri, muuzaji wa meza ya jirani, ndiye aliyeipokea.

"Mbona ni wewe, shoga. Tazama mwanya. Na kovu la kwenye nyusi hili hapa."

Nasma akatazama, akajigusa nyusi. Kovu lilikuwa lake, la kuanguka kisimani utotoni.

"Hukuningoja nimalizie," Ridhiwani alisema taratibu. "Nilitaka kujua utachekaje tukishazeeka. Wajomba zangu watafika kwenu Kiswere Jumapili, ukiridhia."

Machozi na hasira vilimjia Nasma kwa pamoja. "Umeshanizeesha, na posa hujaleta."

Akachovya kidole kwenye wino uliotapakaa mezani. Kando ya kikongwe akachora kibabu mwenye kibiongo, na kifuani, kwenye kanzu, akamtilia kunguru.